Sahihi Iliyo Sahihi: Swali la Mkono katika Uraibu wa Kukusanya Saini

Utangulizi

Mtu anayesimama kwa saa tatu kwenye lango la uwanja wa michezo, kalamu mkononi, akimsubiri mwanariadha atoke na kumwandikia jina lake kwenye kipande cha karatasi, huonekana na wengi kuwa anapoteza wakati. Jina lenyewe analijua. Picha ya mwanariadha huyo anayo. Matokeo ya mbio ameyasoma gazetini. Kinachomweka pale ni kitu ambacho gazeti haliwezi kumpa, yaani ushahidi kwamba mkono wa mtu yule uliigusa karatasi hii anayoishika yeye.

Makala hii inachunguza uraibu wa kukusanya saini za watu mashuhuri, wakiwemo wasanii, wanamichezo na wanasiasa, kwa kuzingatia swali moja ambalo uraibu wenyewe hauwezi kulikwepa: mkono ulioandika ni wa nani? Inadaiwa humu kwamba thamani yote ya saini, iwe ya moyoni au ya sokoni, imejengwa juu ya swali hilo. Kwamba Kiswahili kina msamiati wa zamani wa kulijibu. Na kwamba wanafunzi wa lugha hii wana sababu yao wenyewe ya kulijali.

Maneno Yenyewe

Kiswahili cha leo kina nomino mbili kuu kwa dhana hii, nazo ni saini na sahihi. Saini imetoholewa kutoka Kiingereza na imezaa kitenzi kusaini. Sahihi asili yake ni Kiarabu, ambamo neno hilo huwa na maana ya kitu kizima, kisicho na dosari, cha kweli. Kiswahili kililipokea kama kivumishi (jibu sahihi), kikaliundia kitenzi (sahihisha), na juu ya hayo kikalipa kazi ya nomino: alama ambayo mtu huiandika kuuthibitisha waraka. Kila mwanafunzi wa Kenya amekutana na nomino hii kwenye karatasi ya mtihani wa Kiswahili, pale penye nafasi iliyoandikwa "Sahihi ya mtahiniwa".

Hili si suala la etimolojia tupu. Katika neno sahihi lugha imepachika dai, kwamba anayeandika jina lake chini ya waraka anasema kuwa yaliyomo ni ya kweli na kwamba yeye ndiye. Ndiyo maana kirai "sahihi ya uongo" kina mgongano wa ndani ambao "saini ya uongo" haina. Mzungumzaji anayetumia neno la Kiingereza lililotoholewa anataja kitendo cha kuandika tu, ilhali anayetumia neno la Kiarabu lililozoeleka anataja kitendo na uthabiti wake kwa pamoja. Makala hii inayatumia maneno yote mawili kama yanavyotumika mitaani na ofisini.

Lipo pia neno otografu, ambalo lilienea mno katika shule za Kenya. Mizizi yake ni ya Kigiriki, na maana yake ni kilichoandikwa na mwenyewe. Wataalamu wa miswada hulitumia kwa maana pana kuliko mashabiki: kwao, otografu ni mswada wowote ulioandikwa kwa mkono wa mtunzi, hata kama hauna jina lake popote.

Kabla ya maneno haya kupata mizizi, pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na utaratibu wake. Barua zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu katika karne ya 19 zilifungwa aghalabu kwa kauli ya Kiarabu, katabahu fulani biyadihi, yaani ameiandika fulani kwa mkono wake. Pale ambapo mwenye barua hakushika kalamu mwenyewe, mwandishi wake angeweza kubainisha kuwa ameandika bi amrihi, kwa amri yake. Tofauti kati ya viambajengo hivi viwili, biyadihi na bi amrihi, ndiyo hasa tofauti ambayo wakusanyaji wa saini wa karne ya 20 na 21 wamegombana juu yake hadi mahakamani. Mwandishi wa barua wa Mombasa au Zanzibar aliimaliza kwa neno moja.

Daftari la Wanafunzi

Huenda ikawapendeza wasomaji wa jarida la wanafunzi kujua kwamba uraibu huu ulianzia chuoni. Katika karne ya 16, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Wittenberg, Ujerumani, walizoea kuwaomba walimu wao wawaandikie maneno machache na jina katika kitabu. Miongoni mwa walioombwa ni Martin Luther na Philipp Melanchthon. Kitabu cha namna hiyo kiliitwa kwa Kilatini album amicorum, albamu ya marafiki, na mwanafunzi alisafiri nacho kutoka chuo hadi chuo. Kurasa zake zilimsaidia kuonyesha alikopitia na nani aliyemkubali. Maktaba ya Uingereza jijini London inahifadhi mamia ya albamu hizo.

Waliosoma katika shule za bweni nchini Kenya watamtambua ndugu mdogo wa kitabu hicho. Ni lile daftari lililozungushwa darasani katika muhula wa mwisho, ambamo kila mwenzi aliandika jina, anwani ya sanduku la posta, chakula akipendacho na vina viwili vitatu vya kuagana. Hakuna mashuhuri hata mmoja ndani yake. Hata hivyo kanuni ni ile ile: hakuna aliyeridhika kuandikiwa ukurasa na rafiki kwa niaba ya rafiki mwingine. Aliyekosekana siku hiyo alisubiriwa.

Namna Saini Zinavyopatikana

Mkusanyaji ana njia tatu. Ya kwanza ni kukutana na mhusika ana kwa ana, uwanjani, kwenye uzinduzi wa kitabu au nje ya ukumbi wa tamasha. Ya pili ni barua. Mkusanyaji huandika barua fupi yenye heshima, hueleza kwa nini anamstahi mhusika, hutia picha au kadi ya kuandikiwa, na huambatisha bahasha yenye anwani yake mwenyewe iliyokwisha kubandikwa stempu. Anayemwandikia mtu wa nchi nyingine hukumbana na kikwazo kidogo kinachowaangusha wengi wanaoanza, kwani stempu ya Kenya haiwezi kurudisha barua kutoka Ujerumani, na bahasha isiyo na stempu ya nchi husika aghalabu huishia kwenye jaa. Njia ya tatu ni kununua, mnadani au kwa muuzaji.

Mwanakriketi wa Australia, Don Bradman, aliyefariki mwaka 2001, hukumbukwa na wakusanyaji kwa sababu isiyohusiana na mabao yake: kwa miaka mingi baada ya kustaafu alitenga muda wake wa kila siku kuwajibu waliomwandikia, na alitia saini kwa mkono wake hadi uzeeni. Muhammad Ali naye alikuwa na desturi ya kutia saini vijitabu vya dini ya Kiislamu na kuwagawia waliomwomba, hivi kwamba shabiki aliyetaka jina la bondia aliondoka na mawaidha pia. Si watu wengi mashuhuri wanaoweza kufika hapo. Mwanasiasa au msanii anayepokea barua mamia kwa siku huajiri mtu wa kumsaidia, na hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Mkono wa Katibu, Mkono wa Mashine

Makatibu wa wanasiasa na wa waigizaji wa sinema wametia saini za mabwana zao kwa miongo mingi, tena kwa ustadi ambao huwahangaisha wataalamu. Mashine ikafuata. Hiki ni chombo chenye mkono wa chuma unaoshika kalamu halisi na kuufuatisha mchoro wa saini uliochongwa au kuhifadhiwa. Wino ni wa kweli, karatasi inabonyea kama inavyopaswa, bali mwenye jina hayupo. Mwaka 1965 mfanyabiashara wa saini wa New York, Charles Hamilton, alichapisha kitabu kizima kuonyesha jinsi Rais John F. Kennedy alivyoitumia mashine hiyo. Mbinu ya kuitambua ni rahisi kueleweka. Binadamu hawezi kuandika jina lake mara mbili bila tofauti yoyote. Saini mbili zinazolingana kabisa zikiwekwa moja juu ya nyingine mbele ya mwanga hazikuandikwa na mkono wenye damu. Ni mahali pachache ambapo ukamilifu ndio dalili ya uongo.

Je, kuna madhara gani? Anayepewa saini ya mashine na mwanasiasa hajaibiwa kitu, na huenda asijue maishani mwake. Tukio la Desemba 2004 latoa jibu zito kuliko nadharia yoyote. Wakati huo ilibainika kwamba barua za rambirambi zilizotumwa na Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Donald Rumsfeld, kwa familia za askari waliouawa vitani zilitiwa saini kwa mashine. Familia zilikasirika. Maneno ya barua hayakubadilika, wala cheo cha mtumaji. Kilichokosekana ni zile sekunde tatu za waziri kuliangalia jina la marehemu na kuandika lake chini ya ukurasa. Rumsfeld alitangaza kwamba tangu hapo angezitia saini mwenyewe.

Sheria, kwa upande wake, si kali kama wafiwa. Mwezi Mei 2011, Rais Barack Obama akiwa Ufaransa, muswada wa kurefusha sheria ya usalama uliokuwa unakaribia kuisha muda wake ulitiwa saini jijini Washington kwa mashine, kwa idhini yake. Palikuwa na mabishano, lakini sheria ikasimama. Hiyo ni bi amrihi iliyo wazi kabisa: amri ilijulikana, aliyeitoa alijulikana, na hakuna aliyedanganywa.

Kosa huanzia pale amri inapouzwa kama mkono. Mwaka 2022 nakala 900 za kitabu cha mwanamuziki Bob Dylan ziliuzwa kwa dola 599 kila moja, zikiandamana na hakikisho kuwa zimetiwa saini na mwenyewe. Wanunuzi walizipiga picha, wakazilinganisha, wakaona zinafanana kupita kiasi. Mchapishaji alirejesha fedha, na Dylan akaomba radhi, akieleza kuwa kizunguzungu na vikwazo vya wakati wa ugonjwa wa korona vilimfanya akubali mashine itumike. Dylan, ikumbukwe, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2016. Waliomdhania kuwa mtu wa kuyapima maneno hawakukosea; waliomdhania kuwa mtu wa kukaa chini na kuandika jina lake mara 900 ndio walioteleza.

Waghushi

Saini ya katibu na ya mashine angalau hutoka ofisini kwa mhusika. Saini ya mghushi haina hata hilo. Kisa mashuhuri kuliko vyote ni cha Mfaransa Vrain-Denis Lucas, ambaye katika miaka ya 1860 alimuuzia Michel Chasles, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa Ulaya, zaidi ya barua 27,000 za uongo. Lucas alitumia karatasi kuukuu alizozichopoa kwenye vitabu vya zamani. Alianza kwa kiasi, akiuza barua za waandishi wa Kifaransa. Alipoona mteja hasiti, akapanda ngazi: barua ya Kleopatra kwa Kaizari, barua ya Maria Magdalena kwa Lazaro. Zote ziliandikwa kwa Kifaransa. Mwaka 1867 Chasles aliwasilisha mbele ya Akademia ya Sayansi jijini Paris barua za kuonyesha kwamba Blaise Pascal aliigundua nguvu ya uvutano kabla ya Newton. Mwaka 1870 Lucas alihukumiwa kifungo cha miaka miwili.

Msomaji hucheka, kisha hujiuliza. Chasles hakuwa mjinga. Jicho la mwanahisabati lingeona kosa katika mlingano kwa kutupiwa mara moja. Hakuliona kosa katika lugha, na lugha ndiyo iliyokuwa ushahidi. Kleopatra hakuweza kujua Kifaransa, kwa kuwa Kifaransa hakikuwapo. Mwanafunzi yeyote wa isimu historia angeimaliza kesi hiyo asubuhi moja.

Zaidi ya karne moja baadaye, mwezi Aprili 1983, gazeti la Stern la Ujerumani lilitangaza kuwa limepata shajara za Adolf Hitler. Lilikuwa limelipa takriban marki milioni 9.3. Wataalamu wa mwandiko waliletewa kurasa na kuambiwa wazilinganishe na vielelezo, wakasema mkono ni mmoja. Walikuwa wamesema kweli. Baadhi ya vielelezo walivyopewa vilikuwa navyo kazi ya mghushi yule yule, Konrad Kujau. Funzo hili halijapitwa na wakati: saini hupimwa kwa saini nyingine, na ile nyingine nayo sharti iwe na pa kusimamia.

Katika michezo, uchunguzi wa shirika la upelelezi la Marekani, FBI, uliofikia kilele chake katika misako ya mwaka 1999, ulifichua mtandao wa watu waliotengeneza saini za wachezaji na kuziuza kwa wingi pamoja na vyeti vya uthibitisho. Miongoni mwa vitu vilivyopatikana ni mipira ya besiboli yenye "saini" ya Mama Teresa wa Kalkuta. Cheti, basi, si dawa. Aliyeweza kuighushi saini hawezi kushindwa na karatasi yenye nembo.

Jina Kama Kipimo

Mkusanyaji makini hutazama wino na karatasi. Kalamu za bolpeni zilianza kuuzwa madukani katika miaka ya 1940, kwa hiyo barua yenye tarehe ya 1930 iliyotiwa saini kwa bolpeni imejihukumu yenyewe. Lakini kipimo kilicho karibu zaidi na taaluma ya lugha ni jina, kwa kuwa majina ya watu yana historia, na mghushi mara nyingi hulijua lile la mwisho tu.

Mfano wa karibu ni wa rais wa kwanza wa Kenya. Alipokuwa katibu mkuu wa Kikuyu Central Association na kupeleka malalamiko ya ardhi Uingereza, alijulikana kama Johnstone Kenyatta, na hivyo ndivyo alivyoandika. Jina Jomo ndilo lililotokea kwenye jalada la kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938. Mtu akileta leo barua ya 1930 yenye saini "Jomo Kenyatta", mwenye kumbukumbu atauliza maswali kabla hajauliza bei.

Hali ni kama hiyo kwa Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025. Riwaya zake Weep Not, Child ya 1964 na A Grain of Wheat ya 1967 zilitoka zikiwa na jina James Ngugi. Petals of Blood ya 1977 ilitoka na jina ambalo dunia inalijua. Kati ya majina hayo mna hoja nzima kuhusu ukoloni na lugha, ile ile ambayo alikuja kuitetea kwa kuandika riwaya kwa Kikuyu. Nakala ya toleo la kwanza yenye saini ya jina la zamani na nakala ya toleo hilo hilo yenye saini ya jina jipya ni vitu viwili tofauti. Ya pili inatuambia kwamba mtunzi alikishika kitabu baadaye, akiwa mtu aliyekwisha kulikataa jina lililochapwa jaladani.

Ali naye alikuwa Cassius Clay hadi mwanzoni mwa 1964. Fauka ya jina, mkono wake una historia ya mwili. Mwaka 1984 alitambuliwa kuwa na ugonjwa wa Parkinson, ambao aghalabu hufanya mwandiko uwe mdogo na wenye kutetema. Saini pana na yenye madaha iliyodaiwa kuandikwa katika miaka yake ya mwisho ni ya kutiliwa shaka, haidhuru ni nzuri kiasi gani.

Kuna pia kipimo cha kikatili kidogo. Wangari Maathai alifariki mwaka 2011. Nakala ya tawasifu yake, Unbowed, iliyopigwa chapa baada ya mwaka huo haiwezi kuwa na saini yake. Aliyeghushi hutazama ukurasa wa jina. Anayekagua hutazama ukurasa wa nyuma yake, ule wenye tarehe za chapa.

Bei, na Kile Kisicho Bei

Yapo matumizi ya saini ambayo hayana upuuzi hata chembe. Kabla ya safari ya Apollo 11 mwaka 1969, wanaanga Neil Armstrong, Buzz Aldrin na Michael Collins walitia saini bahasha nyingi za stempu na kuziacha duniani. Bima ya maisha ya mtu anayekwenda mwezini ilikuwa haishikiki. Endapo wasingerudi, wake zao wangeziuza bahasha zile. Kwa hiyo jina lililoandikwa kwa mkono lilikuwa akiba ya watoto, na thamani yake ingepanda kwa sababu ile ile ambayo familia iliiombea isitokee. Walirudi. Bahasha hizo sasa huuzwa minadani kwa jina la bahasha za bima.

Armstrong aliendelea kuwaandikia watu hadi takriban mwaka 1994, alipobaini kwamba wengi walikuwa wakiziuza saini zake, naye akaacha kabisa. Uamuzi huo uliwaumiza walioomba kwa mapenzi pamoja na walioomba kwa tamaa, kwa vile mwandikiwa hana alama usoni ya kuonyesha yeye ni yupi. Wafanyabiashara, kwa ujumla, hawapendi saini yenye jina la mwandikiwa. "Kwa Amina, pamoja na salamu" haiuziki kwa urahisi kwa mtu asiyeitwa Amina. Wanataka jina tupu.

Mtafiti hutaka kinyume chake kabisa. Tabaruku ya mkono, yenye jina la mpokeaji, mahali na tarehe, humpa pa kuanzia: inasema nani alikuwa wapi, lini, mbele ya nani. Kile kinachopunguza bei ndicho kinachoongeza ushahidi. Mwanafunzi anayehudhuria uzinduzi wa kitabu cha Kiswahili na kumwomba mtunzi aandike jina lake peke yake "ili kisiharibike" ameiga desturi ya soko ambalo yeye hamo.

Mkono wa Watunzi wa Kiswahili

Mwandishi wa Austria, Stefan Zweig, alikuwa mkusanyaji wa namna nyingine. Hakutosheka na jina chini ya ukurasa. Alitafuta miswada ya watunzi na wanamuziki, hasa yenye makato na masahihisho, ili aone kazi ikizaliwa. Sehemu muhimu ya mkusanyo wake ilikabidhiwa Maktaba ya Uingereza mwaka 1986, miaka 44 baada ya kifo chake. Mtu akichukua kigezo cha Zweig na kukiuliza kuhusu fasihi ya Kiswahili, majibu yatamtuliza kidogo na kumtia wasiwasi zaidi.

Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, ametufikia kwa mkono wa mtu mwingine. Ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyeyakusanya mashairi yake kutoka vinywani mwa wazee na kuyaandika kwa hati za Kiarabu kwa ajili ya mmishenari W. E. Taylor, na ni katika karatasi za Taylor ambamo William Hichens aliyapata na kuyachapisha mwaka 1940. Kila mhakiki anayejenga hoja juu ya neno moja la Muyaka anajenga juu ya kumbukumbu za waliomsikia, sikio la Sikujua na jicho la Hichens. Hilo si kosa la Sikujua. Bila yeye pasingekuwa na cha kujadili. Ila ni vyema ikasemwa wazi katika tasnifu kwamba mkono unaosomwa si wa Muyaka.

Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, yu upande wa pili. Alikuwa mshairi, mchonga milango, mwanamuziki na mwandishi wa khati, na wataalamu wa Ulaya, wakiwemo Hichens, Alice Werner na Ernst Dammann, walimwagiza awanakilie tenzi. Mkono wake, wenye urembo na mpangilio wa pekee, hutambulikana na waliouzoea kabla hawajafika kwenye jina. Miswada yake imehifadhiwa London na Ujerumani. Mwanafunzi wa Lamu anayetaka kuuona mkono wa mwenyeji wake huomba viza, au huridhika na picha.

Shaaban Robert ameacha mfano ulio karibu zaidi na maisha ya kawaida. Barua alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958 zilichapishwa jijini Dar es Salaam mwaka 2002, miaka 40 baada ya kifo cha mshairi. Hazikuombwa langoni pa uwanja, wala hazikununuliwa mnadani. Zilikuwa barua za nyumbani, za mtu akimwandikia wake, na ndani yake mna riziki, kazi, ndugu, vitabu na uchapishaji. Wanaouliza leo kama kauli fulani ni ya Shaaban Robert kweli wana mahali pa kulinganisha msamiati, tahajia na tarehe. Wahifadhi wa nyaraka huutafuta kwa bidii mnyororo wa watu ambao mswada umepitia mikononi mwao, na kila pingili iliyokatika huwapa mashaka. Barua hizi zinahitaji pingili moja tu: aliyezipokea ndiye aliyezihariri.